Bosi asiyejiamini, na viza yako iko kwenye kampuni yake

Wanaonitumia ujumbe wakitaka kuja Uingereza kulea wazee huuliza mshahara, huuliza baridi, huuliza ubaguzi. Kuhusu meneja hakuna anayeuliza. Na kwa nilivyoona mimi, meneja ndiye anayeamua kama usiku utapata usingizi au utakesha ukihesabu zamu.

Nataka kuongelea aina moja tu ya bosi, yule asiyejiamini. Bosi mkali sina shida naye. Atakufokea saa tatu asubuhi, ikifika saa tano yameisha, mnaendelea na kazi. Huyu mwingine hafoki. Anauliza. Anasimama nyuma yako unapojaza chati ya dawa ambayo umekuwa ukiijaza kila siku. Anataka kujua binti wa mzee fulani alikuambia nini, na wewe ulimjibu nini, na kwa nini hukumpeleka kwake. Anaandika barua pepe kuhusu taulo na kuituma kwa watu sita. Wazo ulilompa Jumatatu analitoa Alhamisi kwenye kikao kama lake, huku akikutazama usoni aone utafanyaje.

Ilinichukua muda kuelewa anachoogopa. Viza ya wafanyakazi wa afya na ulezi ilianza 2020, na walezi wa kawaida wakaingizwa Februari 2022. Baada ya hapo walikuja watu wenye vyeti vyao: wauguzi waliowahi kushika wodi nzima peke yao usiku, matabibu, walimu. Wote wakawekwa ngazi ya chini kabisa. Aliye juu yao, mara nyingi, ni mtu aliyeanza kazi hiyohiyo akiwa kijana, akapandishwa cheo kwa sababu aliyekuwepo aliondoka. Hakuna aliyekaa naye kumfundisha kuongoza watu. Juu yake kuna mwenye kampuni anayetaka vyumba vijae. Pembeni kuna CQC, taasisi inayokagua huduma hizi England, ambayo wakaguzi wake wanaweza kuingia bila taarifa, na ripoti yao inatangazwa kwa kila mtu kuisoma. Meneja aliyesajiliwa anawajibika kisheria kwa jina lake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akiona chini yake kuna anayejua zaidi yake, hawazi kwamba amepata msaidizi. Anawaza kwamba amepata wa kumrithi. Ukubwa jaa, walisema wahenga, na huyu jaa lake analibeba bila mtu wa kumshika mkono.

Siku moja daktari alipita kwenye makao yetu kumwona mzee aliyekuwa amechanganyikiwa ghafla tangu usiku. Mimi ndiye niliyekabidhiwa zamu, kwa hiyo aliniuliza mimi. Nikamweleza: jana alikuwa anaongea vizuri, leo hatambui chumba chake, joto limepanda, maji hanywi, mkojo ni kidogo na una harufu. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, faili kalikumbatia kifuani. Daktari akamgeukia kumuuliza dawa anazotumia mzee. Akapekua, akapekua tena, shingo ikawa nyekundu. Akaniangalia. Nikazitaja. Daktari akaniuliza kama nimewahi kuwa muuguzi, nikasema ndiyo, nilikuwa muuguzi nyumbani.

Daktari alipoondoka niliitwa ofisini. Mlango ukafungwa. "Hapa wewe ni mlezi," aliniambia kwa sauti ya chini kabisa. "Mgeni yeyote akija, anaongea na mimi kwanza." Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo juu ya meza. Ratiba ya zamu ilipotoka, saa zangu zilikuwa zimepungua.

Hapo ndipo wengi wetu tunaponyamaza, kwa sababu ya viza. Na hapo ndipo inabidi ujue sheria kuliko unavyojua hofu yako. Mdhamini wako ni kampuni yenye leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje. Meneja wako ni mwajiriwa wa kampuni hiyo kama wewe. Kampuni ilipokupa hati ya udhamini, hii tunayoiita CoS, iliiambia Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayoshughulikia viza, kazi yako ni ipi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Saa zikikatwa mpaka malipo yashuke chini ya kilichoandikwa pale, mwenye maswali ya kujibu ni kampuni. Kwa hiyo sikubishana ofisini. Kesho yake niliandika barua pepe fupi, bila neno la hasira: ratiba ya wiki hii iko chini ya saa za mkataba wangu, naomba irekebishwe. Nakala ilikwenda kwa mtu wa rasilimali watu. Saa zilirudi, na hakuna aliyenisemesha.

Lakini barua pepe haitoshi kukufanya uishi na mtu kila siku. Kilichobadilisha mambo hasa ni kwamba nilianza kumpelekea habari kabla hajaziuliza. Kabla ya makabidhiano ya zamu nilipita mlangoni kwake dakika chache: usiku umekwendaje, nani wa kuangaliwa leo, familia gani itapiga simu na italalamika nini. Akaanza kuingia kwenye kikao cha asubuhi akijua kila kitu, akijibu mwenyewe. Na mtu anayejua hana haja ya kusimama nyuma ya mgongo wa mwenzake. Maswali yalipungua sana. Kuna wenzangu walioliita jambo hili kujipendekeza, na mpaka leo sikubaliani nao. Kujipendekeza ni kumsifia mtu kwa asichokifanya. Kumpa habari sahihi mapema ni kazi, na anayefaidika wa kwanza ni yule mzee kitandani.

Pia niliacha kumsahihisha mbele za watu. Akikosea jina la dawa kikaoni, nilimfuata baadaye tukiwa wawili. Ila kuna mpaka ambao sikuuvuka wala sitauvuka: mzee akiwa mgonjwa nasema, hata kama kusema kwangu kutamkera mkubwa wangu, na ninaandika kwenye kumbukumbu za mzee pamoja na saa. Ujuzi wako usiufiche kwa ajili ya kumtuliza mtu mwenye cheo. Wazee hawa hawana mtu mwingine saa tisa usiku.

Kuna dada mmoja Mkenya niliyekuwa naye zamu moja. Yeye aliambiwa waziwazi, "Nitapiga simu Home Office, viza yako ifutwe." Nilimkuta chumba cha kufulia, ameinamia kapu la mashuka, analia bila sauti. Nikamweleza ninayokueleza wewe. Meneja hafuti viza. Ajira yako ikikoma, kampuni inatakiwa kuripoti ndani ya siku 10 za kazi. Kisha Home Office hukuandikia, na kwa kawaida hukupa siku 60, au pungufu kama viza yenyewe ilikuwa imebakiza muda mfupi zaidi. Ndani ya siku hizo utafute mdhamini mwingine au ubadilishe hali yako. Siku 60 ni chache, sitakudanganya, hasa ukiwa na kodi ya nyumba na watu wanaokutegemea. Lakini si sawa na kusombwa usiku kupelekwa uwanja wa ndege, na hiyo ndiyo picha aliyokuwa nayo kichwani. Wengi wanayo, na mabosi wa aina hii wanajua wanayo.

Bora zaidi ni kutafuta ukiwa bado uko kazini. Unaruhusiwa kuomba viza kwa mdhamini mpya huku ukiendelea na kazi ya zamani, mradi usianze kazi mpya kabla ombi halijakubaliwa. Tangu 22 Julai 2025 kampuni haziwezi tena kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi, kwa hiyo zinazohitaji mlezi wa kudhamini zinatuangalia sisi tuliopo. Usijione mzigo. Uzoefu wako unatafutwa.

Andika kila kinachotokea. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Weka kwenye daftari lako nyumbani, na tafadhali sana usipige picha chati za wazee kama ushahidi. Taarifa zao ni siri, na picha moja tu itampa bosi sababu halali ya kukufukuza. Jiunge na chama cha wafanyakazi sasa, wakati hakuna ugomvi, kwa sababu vyama vingi havibebi kesi iliyoanza kabla hujawa mwanachama. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, sheria inakupa haki ya kwenda na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. ACAS wanatoa ushauri wa kazi kwa simu bila malipo. Na kama unaona unabanwa kwa sababu ya rangi, uraia au asili yako, hilo linaingia kwenye Sheria ya Usawa ya 2010. Usichelewe, maana muda wa kufungua shauri ni mfupi, unahesabiwa kwa miezi.

Nitofautishe jambo moja. Bosi anayekushikia pasipoti, anayekudai pesa ya CoS, anayekulipa pungufu ya kilichoandikwa, huyo usimwonee huruma kwa kumwita asiyejiamini. Huyo anavunja sheria na dawa yake ni kuripotiwa. Upole na subira ninayoongelea hapa ni kwa yule mwenye hofu ya kuonekana hatoshi, ambaye ukimtuliza kidogo mnaweza kufanya kazi.

Mimi hatimaye niliondoka. Hatukuwa tumegombana, nilikuwa nimechoka kupima kila sentensi kabla ya kuitamka, na kampuni nyingine ilikubali kunidhamini. Nilisubiri mpaka jibu la viza likawa mkononi ndipo nikatoa notisi, nikafanya kazi notisi yote mpaka zamu ya mwisho, nikakabidhi kwa maandishi. Nakuomba ufanye hivyo hata kama moyo unakuambia utoke ukibamiza mlango. Katika kazi hii ya ulezi mwajiri mpya anatakiwa kupata ushahidi wa mwenendo wako ulikotoka na sababu ya kuondoka kwako, kwa hiyo huyohuyo aliyekunyima usingizi ndiye atakayeulizwa habari zako. Wangu alijibu ombi hilo siku hiyohiyo, na alichoandika kilikuwa cha haki: nilifika kwa wakati, dawa zangu hazikuwa na kosa, na wazee walinipenda.