Kabla Paulo hajakanyaga Kipro

Somo: Matendo 4:36–37, 11:19–26, 13:1–13, 15:36–39, 21:16

Wapendwa, wiki hii tusome vipande hivi vitano kwa mfuatano huo huo. Ni mistari 28 tu. Vikundi vingi huanzia sura ya 13, kwa sababu ndipo ramani za nyuma ya Biblia zinapochora "safari ya kwanza ya Paulo". Ukianzia hapo utadhani kanisa la Antiokia lilichagua kisiwa cha Kipro, nchi ngeni ambayo haijawahi kusikia Injili. Luka, mwandishi wa Matendo, hasimulii hivyo.

Yeye anaanza na shamba. Yusufu, Mlawi mwenye asili ya Kipro, anauza shamba lake na kuiweka fedha miguuni pa mitume, wale wale waliompa jina la Barnaba. Kisha Stefano anauawa, waamini wanatawanyika, na baadhi yao wanafika Kipro wakihubiri kwa Wayahudi peke yao. Halafu unakuja mstari tunaoupita mbio, 11:20: watu wa Kipro na Kirene walipofika Antiokia wakaanza kusema na Wayunani. Luka hataji mtume yeyote aliyewaagiza, wala hata majina yao hakuyaandika. Lakini kanisa la Antiokia, hilo hilo lililokuja kumtuma Paulo, lilikua kwa mahubiri yao. Yerusalemu waliposikia wakamtuma Barnaba akajionee, naye akaenda Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Basi Roho aliposema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli", na safari ikaelekea Kipro, Antiokia ilikuwa inalipa deni. Tena ililipa vizuri: walimu waliotajwa ni watano, na wakatolewa wawili. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende.

Kutoka Antiokia waliteremka Seleukia, bandari yake, wakatweka. Mpaka Salami, upande wa mashariki wa kisiwa, ni karibu kilomita 200 za bahari. Walianzia masinagogini, na sababu ni ya kazi kabisa: kila Sabato torati na manabii vilisomwa hapo, mgeni mwenye neno la kuwafaa watu aliweza kukaribishwa kusema (tazama 13:15), na mara nyingi Mataifa wamchao Mungu nao walikuwamo. Salami ilikuwa na masinagogi zaidi ya moja. Wayahudi walikuwa wengi kisiwani, na migodi ya shaba iliwahi kuhusishwa na utawala wa Yudea: Kaisari Augusto alimpa Herode Mkuu nusu ya mapato yake.

Kutoka Salami walikivuka kisiwa chote mpaka Pafo, mwendo wa zaidi ya kilomita 150. Safari yote hiyo Luka anaimaliza kwa maneno machache. Hatuambiwi walipita njia gani wala walilala kwa nani. Mimi naona ni vigumu kuamini kwamba hawakupata mwenyeji hata mmoja, ikiwa wale waliotawanyika walikwisha kutangulia na Barnaba mwenyewe yuko kwao.

Pafo ndipo palipokuwa makao ya serikali. Tangu mwaka 22 K.K. jimbo hili lilikuwa chini ya baraza la Roma, kwa hiyo cheo cha liwali, yaani gavana, ambacho Luka anampa Sergio Paulo ni sahihi kabisa. Liwali ndiye aliyewaita mwenyewe, akitaka kulisikia neno. Upinzani ukatoka pembeni ya kiti chake, kwa Elima. Na tusishangae: mchawi wa ikulu anakula kwa sikio la mkubwa, na sikio hilo likihama, mkate nao umehama.

Hapa wahubiri wengi huteleza. Upofu wa Elima unafanywa kiini cha habari, na waumini wanarudi nyumbani wakiomba maadui wao wapofuke. Upofu ule ulikuwa wa muda, na aliyeutamka, Paulo, alikuwa mwenyewe amekaa kipofu siku tatu Dameski. Mstari wa 12 unasema liwali aliyastaajabia mafundisho ya Bwana. Wala Luka hasemi kwamba alibatizwa, au kwamba kanisa lilianzishwa Pafo siku hiyo. Tusimwongezee.

Walioingia Kipro walikuwa "Barnaba na Sauli". Wanaoondoka ni "Paulo na wenziwe". Barnaba amepita nyuma akiwa katika nchi yake mwenyewe, na hakuna nung'uniko lililoandikwa. Huko Perge Yohana Marko, msaidizi wao, akarudi nyumbani. Baadaye wakubwa hao wawili wakagombana kwa ajili yake, na Barnaba akamchukua kijana, akatweka tena kwenda Kipro. Paulo, katika kitabu chote cha Matendo, hashuki tena kisiwani, meli zake zinapita tu kando (21:3, 27:4). Hata hivyo, akienda Yerusalemu, mwenyeji wake ni Mnasoni, mtu wa Kipro, mwanafunzi wa zamani.

Kanisa la Kipro linamhesabu Barnaba kuwa mwanzilishi wake. Antiokia ilipodai haki ya kuwawekea maaskofu, mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulisimama upande wa kisiwa. Na kisiwa hakikuacha kutuma: mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios III wa Kipro alibatiza maelfu ya watu nchini Kenya, na seminari ya Kiorthodoksi iliyoko Riruta, Nairobi, inaitwa kwa jina lake.