Rosa Mistika hajachukua gauni lake

Jumapili, usiku. Umeme umekatika tangu Magharibi na Ngamiani yote, hapa Tanga, iko gizani, isipokuwa muuza chipsi wa pale kona mwenye taa yake ya sola. Naandika kwa tochi ya simu, betri imebaki robo, kwa hiyo mkiona nimekatisha ghafla msinilaumu.

Leo mchana tulikuwa tunapanga oda za mwisho wa mwezi. Binti ninayemfundisha kushona alikaa chini na kaunta buku, anasoma majina, mimi naangalia kama nguo ipo kwenye kamba au bado. Akasoma wa Chumbageni, akasoma wa Makorora, akasoma yule mama wa Raskazone mwenye madera matatu. Kisha akakunja uso.

“Fundi, huyu Rosa Mistika mbona hana vipimo? Na tangu Machi hajaja kuchukua gauni lake. Alilipa nusu?”

Nilikuwa na pini mdomoni. Namshukuru Mungu sikuimeza hata moja.

Kaunta buku yangu ni ya kwaya tatu. Kwa mbele ni vipimo vya wateja. Ukiigeuza kichwa chini ukaanzia nyuma, unakuta vitabu nilivyosoma, riwaya ya Rosa Mistika ikiwemo. Nilianza hivyo Januari ya mwaka jana kwa sababu mbili. Kwanza, kaunta buku haitoki mezani, nikimaliza kitabu naandika papo hapo kabla sijasahau. Pili, na hii naisema kwa sauti ya chini, mteja akikukuta umeinamia kaunta buku anadhani unafanya kazi yake. Mistari ilikuwa imeshachorwa tangu mwanzo hadi mwisho, na vichwa vya habari vimeshaandikwa: jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nikaona uvivu kufuta. Kwenye kifua nikawa naandika utanzu, kwenye kiuno kilikotoka, nyonga siku niliyoanza, urefu siku niliyomaliza. Ndiyo maana kuna mtu anaitwa Kuli ambaye kifua chake ni “riwaya” na kiuno chake ni “maktaba”.

Basi baada ya kucheka tukamaliza oda, binti akaenda kwao, mimi nikabaki na ule upande wa nyuma. Sikuwahi kuuhesabu. Miaka yote mtu akiniuliza unasoma nini najibu kwa kujidai: mimi nasoma kila kitu, sichagui. Nimehesabu. Vitabu ishirini na nane kwa mwaka. Kumi na tano ni upelelezi. Riwaya nyingine saba. Ushairi viwili, wasifu kimoja, historia kimoja, tamthilia moja. Jumla ya hapo haitimii, najua, kuna kimoja nimeacha kifua wazi, nitakifikia.

Kumi na tano! Daftari halina haya.

Sijuti kusoma upelelezi, tuelewane. Dukani kwangu hakuna dakika ishirini zinazopita bila hodi. Mtu anataka zipu, mtu anataka kupunguziwa kiuno, mtu hana shida yoyote ila amechoka jua. Kitabu cha upelelezi kinavumilia kukatizwa. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, unamwacha na kiko chake mdomoni, unakunja pindo la suruali, unarudi unamkuta palepale anawaza. Mzimu wa Watu wa Kale, alimo yeye, ni kitabu cha mwaka 1960, na bado kinanifanya nisimame na pasi mkononi hadi kitambaa kinaanza kunuka. Willy Gamba, mpelelezi wa Elvis Musiba, ni mtu mwingine kabisa, yeye hawazi sana, anapiga. Nikimsoma huyo hata cherehani inakimbia. Simu ya Kifo nilikimaliza usiku mmoja, umeme ulikuwa umekatika kama leo, na simu ilipolia nikaitupa. Vitabu hivi vitatu kwenye kaunta buku vyote nimeviandika neno moja, “upelelezi”, kana kwamba dera, shela na kaptula ya shule vyote ningeandika “nguo”.

Mwezi wa sita niliona kifua kimejaa neno lilelile ukurasa mzima, nikajiwekea sharti: kila nikimaliza upelelezi mmoja, kinachofuata kiwe cha utanzu mwingine. Sharti lilionekana zuri. Kilichotokea ni kwamba nikaanza kuchagua kwa unene. Nilitaka kile cha “utanzu mwingine” kiishe haraka, nijaze mstari, nirudi kwa Willy Gamba wangu. Maktaba ya mkoa nikawa napitisha kidole kwenye migongo ya vitabu natafuta kilicho chembamba kuliko vyote, kama mteja anayechagua kitambaa kwa kuuliza bei tu.

Ndivyo nilivyokutana na Nagona. Kijitabu chembamba kama daftari la msingi, nikasema huyu siku mbili. Wiki tatu! Nimekisoma mara mbili na hadi leo ukiniambia nikusimulie kinahusu nini nitakuomba maji kwanza nikafikiri. Halafu kilichoniuma ni kwamba mwandishi ni Kezilahabi yuleyule wa Rosa Mistika, ambayo niliimeza kwa siku mbili mwezi Machi na kulia mbele ya mteja. Rosa Mistika ni ya mwaka 1971, Nagona ya 1990. Katikati ya miaka hiyo yule mtu alikwenda mahali ambapo mimi sikuwa nimefungiwa nauli. Kwenye kifua cha Nagona niliandika “riwaya” kwa sababu jalada linasema hivyo. Nimeipita leo mara kadhaa, kila nikipita naona neno limekaa upande, kama kola iliyoshonwa na mwanafunzi.

Wakati nakimbizana na vyembamba, Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilikuwa kabatini, nimeinunua kwa pesa yangu, naikwepa. Nene. Ingeniharibia hesabu. Nimekuja kuifungua Novemba, kazi zilipopungua, na nikajichukia. Yasmin anaozwa kwa mzee Raza akiwa binti mdogo, na mimi nina wateja ambao niliwashonea shela huku nikijua umri wao na nikanyamaza kwa sababu aliyelipa ni baba. Sikuandika hilo kwenye daftari. Hakuna safu yake.

Kuli pia ilinishika, ila kwa njia nyingine. Inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Baba yangu alifanya kazi bandarini hapa Tanga enzi ambazo meli zilikuwa zinatia nanga mbali na gati, mizigo inashushwa kwenye matishari ndipo iletwe ufukweni. Alikuwa na alama begani, ngozi imekuwa ngumu kama soli. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaigusa kwa mchezo. Nilipofika kwenye kurasa za mabega na magunia niliweka kitabu chini, nikaenda kukata kitambaa. Nilikikata vibaya, nikalipa.

Sasa kile kilichoachwa kifua wazi. Ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Shaaban Robert ni wa kwetu, amezaliwa 1909 Vibambani, kusini mwa mji, kwa hiyo nilikichukua kama mtu anayekwenda kumsalimia mjomba. Anasimulia maisha yake, sawa, tawasifu hiyo. Katikati anaingiza tenzi, mmoja wa kumuusia binti yake na mwingine wa kumuusia mwanawe wa kiume. Sasa nimeandika nini, tawasifu au ushairi? Nilishika kalamu nikaiweka. Wasifu wa Siti binti Saad nao, wa mkono wake huyohuyo, nimeuandika “wasifu” bila wasiwasi, lakini yule mwanamke wa Fumba anayeuza vyungu, kisha anafika Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake kwenye santuri, mimi nilimsoma kama riwaya. Nilikuwa nageuza kurasa nikitaka kujua itakuwaje, na itakuwaje naijua tangu utotoni.

Maktaba zenyewe zina mpangilio wa namba, ule wa Dewey. Fasihi ya Kiswahili inaangukia 896.392, historia ya Tanzania 967.8. Nzuri kabisa, mpaka umlete Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Huyu naye ni wa pwani hii ya kwetu. Utenzi wake wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima unahusu vita vilivyoanza 1888, vya akina Abushiri, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani mwezi Desemba 1889. Ni shairi tangu ubeti wa kwanza. Ni historia pia, tena iliyoandikwa na mtu wa wakati uleule, vumbi halijatulia. Rafu mbili zinamgombea na mimi nina kisanduku kimoja cha sentimita tatu. Kile kitabu kimoja cha “historia” mnachokiona kwenye hesabu yangu ndicho hicho. Nikikihamisha, ushairi unakuwa vitatu na historia inakuwa sifuri, na mimi ni mtu ambaye sijasoma historia mwaka mzima.

Ila ushairi ndio ulioniweka macho usiku huu.

Viwili tu, inasema kaunta buku. Na mimi nimejiapiza siku zote kwamba ushairi haunifai, unataka utulivu na dukani kwangu hakuna. Lakini kila alasiri, baada ya Swala, kuna bibi wa nyumba ya tatu anakuja kukaa kibarazani kwangu. Macho yamepungua, hasomi tena. Anakuja na kikombe chake cha kahawa, kashata ananunua hapo hapo, na akishatulia anaanza. Utendi wa Mwana Kupona anao kichwani, si wote, vipande vipande. Yule mama alimtungia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamwita asogee, akae, achukue wino na karatasi. Bibi akifika hapo huwa ananiangalia, na mimi sina wino, nina chaki ya kuchoria kitambaa.

Kuna maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ambayo hata yeye hayajui, anayapita kwa sauti tu. Nimewahi kumuuliza neno moja akaniambia, “Mwanangu, wewe shona.”

Nimegundua kitu kingine, na hiki nimekijaribu Ijumaa ili nisije nikawaongopea. Cherehani yangu ni ya miguu. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Bibi akisoma, mguu wangu unafuata. Na-ka-nya-ga-na-ka-nya-ga, hapo ananyamaza kuvuta pumzi, na mimi ndipo ninaponyanyua mguu wa cherehani na kugeuza kona ya kitambaa. Mapindo niliyoshona alasiri yamenyooka kuliko ya asubuhi. Binti wa kazi anasema ni kwa sababu jua linakuwa upande ule. Huenda.

Sasa huo nauandika wapi? Siku niliyoanza siijui. Siku nitakayomaliza haitakuwepo, maana hatuendi mwanzo mpaka mwisho, leo anaanzia katikati, kesho anarudia jana. Kiuno, yaani kilikotoka, ningeandika “kibarazani”. Urefu wazi. Hata juzuu za Ramadhani sikuziandika, na ndiyo maana ukurasa wa mwezi ule ni mweupe kabisa, ukichanganya na mlima wa nguo za Idi. Mtu akiliangalia daftari atasema mwezi ule huyu mwanamke hakusoma neno.

Kuna safu moja niliiongeza kwa kalamu nyekundu pembeni: “azima”. Humo limo jina moja tu, na Kusadikika yangu iko kwake tangu mwezi wa nane. Kila akija anasema bado anasoma. Gauni lake nalo liko tayari, zipu tu bado. Kila akija namwambia bado nashona.

Nilitaka usiku huu nijipangie mwaka huu, niandike kabisa kwamba tamthilia nne, historia tatu, na kadhalika. Nimeanza, nikafuta. Niliyopanga kweli ni machache: Vuta n'kuvute nirudie bila kuangalia tarehe, na Peponi nimalize. Hiyo ya Gurnah, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobel. Nimefika pale Yusuf anaondoka na msafara kwenda bara. Kifua chake nimeandika “riwaya/tafsiri”, nimebana herufi mpaka zimeingia kwenye kiuno.

Na kaunta buku yenyewe inaisha. Vipimo vinakuja kutoka mbele, vitabu vinakuja kutoka nyuma, na katikati zimebaki kurasa tisa. Jana nilipompima bi harusi mmoja wa Mikanjuni niligeuza ukurasa nikaona, kwa uwazi wa karatasi, maandishi ya upande wa pili yamelala kichwa chini. Kesho nikipita dukani nichukue nyingine, ya kwaya nne safari hii.

Nilikuwa nafunga kuandika haya nikaligeuza daftari mara ya mwisho, kuhakikisha kama ni kumi na tano kweli. Chini kabisa ya orodha kuna mstari ambao si mwandiko wangu. Herufi kubwa kubwa, za duara. Binti kaandika lini sijui, pengine wakati natoa zile pini mdomoni. Kwenye jina kaweka Adili na Nduguze, ile nakala yangu ya zamani iliyokuwa chini ya masalio ya vitambaa. Kifua hakujaza, kiuno hakujaza. Pale mwisho, tunapoandikaga malipo, kaweka neno moja: Nusu.