Kutoka Burra hadi Broken Hill: majina yaliyo juu ya kifusi

Kutoka Adelaide hadi Broken Hill, huko Australia, ni zaidi ya kilomita 500, na wenye haraka huzimaliza kwa siku moja. Sisi tulikwenda mdogomdogo, kwa gari-nyumba la kukodi lenye vitanda, jiko la gesi, friji na kichoo, kwa sababu nilitaka kushuka kila mahali palipochimbwa. Mimi ni mtoto wa Geita. Nimekulia karibu na machimbo, na mji uliozaliwa na shimo siwezi kuupita tu.

Tulianzia Burra. Shaba ilipatikana pale mwaka 1845, na wachimbaji wengi waliletwa kutoka Cornwall, Uingereza, watu waliokuwa wakipasua mwamba tangu kwao. Mgodi ulifungwa mwaka 1877, lakini majengo yameachwa yasimame. Ofisi ya wageni inakukodisha ufunguo, nao unafungua makufuli ya sehemu kadhaa za zamani, likiwemo gereza. Unajifungulia mwenyewe, unazunguka unavyotaka, unafunga unaondoka. Watoto waliugombania huo ufunguo njia nzima.

Mimi nilinasa kwenye vyumba vya kingo za kijito. Siku za mwanzo nyumba zilikuwa hazitoshi, basi wachimbaji wakachimba vyumba ndani ya udongo wa ukingo wa Burra Creek, wakahamia humo na wake zao na watoto. Kufikia mwaka 1851 walioishi hivyo walikuwa karibu 1,800. Vimebaki viwili. Nikainama nikaingia, nikapitisha kiganja ukutani, nikamfikiria mama aliyekuwa akipika humo huku anasikia maji ya kijito yanapanda. Na kweli yalipanda: mwaka huohuo wa 1851 mafuriko yaliwatoa watu. Aliyewahi kuona mvua ya masika ikiingia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, hahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya Burra miti inapungua, kisha inakoma. Mwaka 1865 mpima ardhi wa serikali, George Goyder, alichora mstari kwenye ramani ya jimbo la Australia Kusini: kusini yake mvua inatosha kulima, kaskazini yake usithubutu. Ikaja miaka michache ya mvua nzuri, watu wakaupuuza, wakasonga kaskazini na ngano yao. Kisha ukame ukarudi. Njiani unaziona nyumba zao za mawe, kuta zimesimama, paa hakuna, kondoo wamelala kivulini. Namheshimu sana Goyder. Alisema jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia, na ardhi ikamthibitisha.

Halafu tambarare yenyewe. Vichaka vya kijivu vinavyofika magotini, udongo mwekundu, reli, na emu, ndege wakubwa wasioruka, wanaokimbia sambamba na gari kama wameudhiwa. Upepo wa ubavuni unalisukuma gari refu, kwa hiyo baba watoto alishika usukani kwa mikono miwili na mwendo wetu ukawa wa wazee. Jua likianza kushuka tulikuwa tunaegesha, bila mjadala, kwa sababu kangaruu hutoka jioni na hawaangalii kushoto wala kulia. Tulipika wali kwa maharage ndani ya gari huku mlango uko wazi, na kwa macho usingeona taa nyingine yoyote.

Broken Hill inaonekana kwa kifusi chake. Mlima wa mawe meusi ya mgodini umekatiza katikati ya mji, na barabara zimepewa majina ya madini: Argent, Oxide, Chloride, Sulphide. Mwaka 1883 Charles Rasp, mfanyakazi wa shamba la kondoo aliyekuwa akizungukia mipaka, alichukua sampuli za mwamba akidhani ni bati. Ilikuwa madini ya fedha, risasi na zinki, moja ya hazina kubwa kuliko zote za aina hiyo duniani. Kampuni kubwa ya madini ya BHP imezaliwa hapo, mwaka 1885. Zile herufi mbili za mwanzo ni za jina la mji huu.

Juu ya kile kifusi kuna mnara wa kumbukumbu wa wachimbaji waliofia kazini. Majina ni zaidi ya 800. Nilidhani nitasoma machache nishuke. Lakini pale hawajaandika jina tu, wameandika na jinsi mtu alivyokufa. Huyu aliangukiwa na mwamba. Huyu alitumbukia shimoni. Huyu baruti. Unapita mwaka hadi mwaka, na kila mmoja amepewa kifo chake mwenyewe, hakuna aliyefungwa kwenye "na wengine kadhaa". Nikawa nasoma kwa sauti. Binti yangu akaja akasimama karibu, akaanza kunisaidia yale ya chini.

Watu hawa hawakupewa kitu bure. Mgomo ulioanza mwaka 1919 ulichukua miezi 18, familia zikala kwa kugawana, na walipomaliza wakapata wiki ya saa 35 kwa wanaofanya kazi chini ya ardhi. Saa 35, mwaka 1920! Nawaza vijana wetu wanaoshinda na kukesha shimoni kwa tochi ya kichwani.

Baba watoto, mtu wa Tanga, alikuwa na safari yake ndani ya safari: msikiti wa mabati uliojengwa karne ya 19 na wachunga ngamia waliotoka Afghanistan na pande za India ya wakati ule. Ngamia wao ndio waliobeba mizigo kabla ya malori. Alisimama pale muda mrefu, viatu mkononi.

Silverton, kilomita 25 hivi mbele, nilikupitia haraka. Kijiji kimebaki na watu wachache. Nenda kwa ajili ya tambarare ya Mundi Mundi, pale ardhi inapofunguka mpaka upeo wa macho.

Wakati wa kurudi kumbuka kituo cha ukaguzi cha Oodla Wirra: Broken Hill iko jimbo jirani la New South Wales, na matunda hayaruhusiwi kuingia Australia Kusini kwa sababu ya inzi wa matunda. Tulikula machungwa yetu yote kabla ya kufika.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya kwetu nikiwa shule ya msingi. Sijawahi kuona jina lake limeandikwa mahali. Tulipofika nyumbani nikampigia mama, shikamoo, nikamuuliza: mwaka gani, mwezi gani, alikuwa na umri gani, duara lilikuwa upande upi. Akanijibu yote bila kusita. Kisha akanitajia, mmoja mmoja, wenzake waliokuwa naye shimoni usiku ule, na nyumbani kwao. Nimeandika daftarini. Desemba nikienda Geita nitapita kwa familia zao kuuliza yaliyobaki.