Nilivyojifunza kubuni mchuchumio unaotembeleka

Nilipopokelewa kama mwanafunzi katika karakana ya viatu vya kike vya kifahari, nilikuwa na daftari lililojaa michoro, na niliamini kwa dhati kwamba kazi ya mbunifu ni kuchora. Fundi mkuu alifunua kurasa zote kimya, kisha akanikabidhi kalibu, yaani umbo la mguu la mbao ambalo kiatu huundwa juu yake, namba 37, akasema: "Mwanangu, sasa nichoree juu ya hii." Nilishindwa. Mistari iliyopendeza kwenye karatasi ilipinda vibaya ilipozunguka ubavu wa kalibu, na kiatu nilichokipenda kuliko vyote kikaonekana kama mguu ulioteguka.

Kwa miaka miwili nilishika tupa kuliko penseli. Nilijifunza kwamba kisigino kikiongezwa hata sentimita moja, kalibu nyingine huhitajika, kwa sababu kadiri wayo unavyoinama ndivyo uzito wa mwili unavyosogea mbele, kuelekea mizizi ya vidole. Jioni nilisoma habari za Salvatore Ferragamo, fundi Mwitalia aliyesomea anatomia Los Angeles ili aelewe kwa nini viatu vizuri huumiza. Alitambua kwamba mtu akisimama, uzito wake huelemea upinde wa wayo, akauegemeza kwa bamba jembamba la chuma lililofichwa ndani ya soli. Kwangu mimi, huo ni ugunduzi mkubwa kuliko urembo wowote uliowahi kubandikwa kwenye kiatu.

Mtihani wangu ulikuwa mchuchumio wa sentimita 10. Jozi sita za kwanza ziliharibika. Mwanamke aliyezijaribu alikuwa akiyumba kila alipokanyaga, na bamba la ndani lilipinda baada ya siku chache, nami nikaendelea kuilaumu ngozi hadi nilipopima na kugundua kwamba kisigino kilikaa milimita 5 nyuma ya mahali pake. Nilikisogeza kikawa chini ya kitovu cha mfupa wa kisigino cha mvaaji. Ngozi nayo niliikata upya, upande usiovutika ukielekea kutoka kidoleni hadi kisiginoni, ili kiatu kisirefuke kikivaliwa, kisha nikaiacha juu ya kalibu siku kadhaa ikamate umbo bila kuharakishwa.

Jozi ya saba ilitembeleka. Niliibeba nilipoitwa kwenye usaili wa nyumba moja ya mitindo, pamoja na michoro mipya ambayo nilikuwa nimeihangaikia usiku kucha. Mkuu wa idara ya viatu hakuigusa michoro hiyo. Aliingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa soli ya ndani, mishono na kingo za ngozi kwa muda mrefu, ndipo akakigeuza kutazama nje, akaniuliza ningeweza kuanza kazi lini.