Sakafu ya Mteremko ya Studio ya Stax

Katika chumba ninachorekodia, ambacho zamani kilikuwa stoo ya nyumba ya kupanga, ukipiga kofi moja utasikia sauti ikirudi kama waya uliochapwa, kwa kuwa kuta zinazotazamana hurushiana sauti hiyo mpaka ichoke. Nimebandika sponji za godoro na kutundika blanketi mlangoni, lakini mlio haujaisha. Ndiyo maana kila ninaposoma habari za Stax, kampuni huru ya muziki iliyokuwa Memphis, Marekani, kinachonivuta kwanza si waimbaji wake bali sakafu yake.

Jim Stewart, mfanyakazi wa benki aliyekuwa pia mpiga fidla, aliianzisha mwaka 1957 kwa jina la Satellite. Dada yake, Estelle Axton, aliiweka nyumba yake rehani ili wanunue kinasa sauti cha Ampex chenye njia moja tu, na mwaka 1960 wakapanga ukumbi wa sinema uliofungwa, uitwao Capitol, katika barabara ya East McLemore. Jina la Stax, walilolichukua mwaka 1961, ni herufi mbili za mwanzo za Stewart zilizounganishwa na mbili za Axton.

Viti viling'olewa, mapazia mazito yakatundikwa, na chumba cha mitambo kikajengwa juu ya jukwaa, pale palipokuwa na kitambaa cha kuonyeshea filamu. Sakafu ya sinema huteremka kuelekea jukwaani ili waliokaa nyuma nao waone. Kuisawazisha kulihitaji fedha ambazo ndugu hao hawakuwa nazo, kwa hiyo wakaiacha ilivyo. Basi sakafu na dari hazikuwa sambamba, na sauti haikupata pa kurudiana kama inavyofanya stooni kwangu. Ukumbi ukatoa mwangwi mpana na besi nzito ambavyo wasikilizaji walivitambua mara moja.

Mbele, palipokuwa pakiuzwa bisi na peremende, Estelle alifungua duka la santuri. Naliona duka hilo kuwa kifaa muhimu kama maikrofoni yoyote, kwani vijana wa mtaani waliingia kusikiliza, naye akajua wanachokipenda na wanachokikataa bila kumuuliza mtaalamu yeyote wa biashara.

Bendi ya kudumu ya studio, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa na weusi na weupe wakipiga pamoja katika mji uliotawaliwa na ubaguzi wa rangi. Walipiga wote kwa wakati mmoja ndani ya ukumbi huo, mara nyingi mipangilio ikitungwa papo hapo bila kuandikwa noti. Mwaka 1962, mwimbaji waliyekuwa wakimngojea alipokosa kurekodi, waliutumia muda uliobaki kupiga muziki wao wenyewe, na hapo ikapatikana "Green Onions". Kwenye studio zinazolipiwa kwa saa, muda wa kuchezea namna hiyo haupatikani.

Lililowaumiza lilikuwa karatasi. Stewart alikuwa amewakabidhi Atlantic, kampuni ya New York, usambazaji wa santuri zake, na mwaka 1965 akatia saini mkataba ambao hakuusoma kwa makini. Otis Redding, mwimbaji wao mkubwa, alifariki katika ajali ya ndege mnamo Desemba 1967, na mwaka uliofuata, baada ya Atlantic kuuzwa, Stax waligundua kwamba kanda halisi za kazi zilizosambazwa kupitia mkataba huo hazikuwa mali yao tena. Nami nimewahi kutia saini makubaliano kwa mwanga wa simu, umeme ukiwa umekatika na mteja akiwa na haraka, kwa hiyo sina ujasiri wa kumcheka.

Chini ya Al Bell, mmoja wa viongozi wake, kampuni iliinuka upya, na mwimbaji Isaac Hayes akaiuzia santuri nyingi mno, lakini madeni yakaifilisi mnamo Desemba 1975. Jengo lilibomolewa mwaka 1989, kikabaki kiwanja kitupu. Jumba la makumbusho lililofunguliwa hapo mwaka 2003 lina mfano wa studio ile, na mafundi walilazimika kuujenga kwa makusudi, na kwa gharama, mteremko ambao Stewart na dada yake waliuacha kwa kukosa fedha za kuuondoa.