Kumbukumbu ya mradi: maoni ya wasomaji juu ya toleo jipya, na reli ya milimita 12

Mfano wa stesheni ya Voi ninaoujenga kwa uwiano wa 1:87 umefika hatua ya kutandika reli. Fremu ya mbao imekamilika, njia kuu na njia ya kupishana zimechorwa kwa penseli juu ya plaiwudi, na upande wa Mombasa mataruma ya kwanza, yaani vipande vya kukingama vinavyobeba vyuma vya reli, yameshabandikwa. Katika hatua hii ndipo lilipotufikia toleo jipya la jarida la Uingereza la reli za mfano, ambalo sisi wapenzi wachache wa Nairobi hununua nakala moja na kuizungusha, kila msomaji akiandika maoni yake katika daftari linalosafiri pamoja nayo. Mimi ndiye msomaji wa mwisho katika mzunguko huo. Daftari limenifikia likiwa limejaa hoja zinazogusa maamuzi ambayo siwezi kuyaahirisha tena, kwa hiyo ninayaandika hapa pamoja na yale niliyoyaamua.

Makala iliyozua mjadala mkubwa inahusu uwiano wa 1:120, ambao ulitumika kwa miaka mingi katika nchi za Ulaya bara lakini ulianza kupewa uzito na watengenezaji wa Uingereza mwaka 2022, Peco na Hornby walipotangaza bidhaa zao. Msomaji wa kwanza, kijana anayeishi katika chumba kimoja, aliipokea makala hiyo kwa furaha kubwa na kuniandikia kwamba huu ndio wakati wa kuiacha 1:87. Hesabu yake haina kasoro. Ukuta wangu una mita 4, na katika uwiano wa 1:87 urefu huo ni sawa na mita 348 za ardhi halisi, ilhali katika 1:120 ungekuwa mita 480. Njia ya kupishana inayoweza kupokea treni ndefu ya mizigo inahitaji nafasi hiyo, na mtu asiye na nafasi hulazimika kukata mabehewa hadi treni ibaki injini na mkia mfupi.

Mwalimu mmoja wa hisabati, aliyelipokea daftari baada yake, alipinga kwa hoja ambayo naiona kuwa ndiyo bora kuliko zote zilizoandikwa juu ya toleo hili. Aliwakumbusha wenzake kwamba Waingereza wana sababu yao ya kuufurahia uwiano huo, kwa kuwa kwa miongo mingi wamejenga treni za 1:76.2 juu ya reli ya milimita 16.5, yaani umbali kati ya vyuma viwili, ambayo ukiikuza inatoa upana wa takriban milimita 1,257, wakati reli yao halisi ina milimita 1,435. Treni zao zimesimama juu ya njia nyembamba kuliko inavyostahili, na kila anayelitazama garimoshi kwa mbele huliona jambo hilo. Reli ya milimita 12 katika uwiano wa 1:120 inatoa milimita 1,440, yaani karibu kabisa na ukweli. Sisi, hata hivyo, hatujengi reli ya milimita 1,435. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ni ya mita moja, na milimita 12 hizo hizo, zikitumiwa katika uwiano wa 1:87, zinatoa milimita 1,044. Tukihamia 1:120 tungelazimika kutumia reli ya milimita 9, ambayo inatoa milimita 1,080, na hivyo tungeongeza kosa la upana badala ya kulipunguza.

Hapa ndipo nilipoiona faida ambayo makala yenyewe haikuitaja. Kadiri Waingereza wanavyonunua 1:120, ndivyo vyuma vya reli na magurudumu ya milimita 12 vitakavyozidi kupatikana, nasi tunaojenga reli ya mita moja katika 1:87 tunaweza kuvitumia bila kubadili uwiano wetu. Jambo moja tu linahitaji kazi ya mikono: mataruma ya reli hizo yamepimwa kwa 1:120, kwa hiyo ni madogo na yamebanana mno. Nimeamua kuvichomoa vyuma na kuvitandika juu ya mataruma ninayokata mwenyewe kutoka shiti za plastiki, yakiwa na umbo la mataruma ya chuma. Ni kazi ya polepole, lakini matokeo ya kipande cha majaribio yameniridhisha kabisa.

Maoni kuhusu picha za stesheni za vijijini yalikuwa machache. Wengi walizisifu na kupita.

Mzee wetu mmoja, aliyeanza kazi ya reli kama msaidizi wa dereva miaka ya 1970, hakujishughulisha na uwiano hata kidogo. Yeye alisimama kwenye makala ya kuchafua injini, ambayo inafundisha kupaka vumbi la makaa na kutu ya kijivu, akaandika: “Hii si Voi.” Kisha akaeleza kwamba injini za mvuke za aina ya Garratt, klasi ya 59, zilichoma mafuta, kwa hiyo hakuna rundo la makaa la kuonyesha, bali uchafu mzito unatakiwa kuzunguka mdomo wa tangi la mafuta, na vumbi liwe jekundu, likianzia kwenye magurudumu na kupungua kadiri linavyopanda juu ya rangi ya damu ya mzee. Nimeyasoma maelezo yake mara nyingi, kwa sababu yananipa kitu ambacho mwandishi wa Uingereza, hata awe hodari namna gani, hakuwa na haja ya kukijua.

Aliuliza pia swali ambalo limeufunga uamuzi wa kipindi ambacho mfano wangu utaonyesha: dohani litakuwa la namna gani? Injini hizo 34, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilitoka kiwandani zikiwa na dohani la mviringo, na baadaye zikafungwa dohani bapa la Giesl, mhandisi wa Austria. Anayechagua dohani anachagua pia maandishi ya ubavuni. Nimechagua dohani bapa na herufi EAR, za shirika la East African Railways, maana yake ni baada ya bandari kutenganishwa na reli mwaka 1969, na kabla ya shirika hilo kuvunjika mwaka 1977.

Injini itakuwa nambari 5918, Mount Gelai, kwa kuwa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi na ninaweza kuipima mwenyewe. Katika 1:87 itakuwa na urefu wa sentimita 36 na ushei, na kwa sababu birika la mvuke limening’inia kati ya fremu mbili zinazojigeuza, sehemu yake ya katikati itaingia ndani ya kona wakati inapopita. Kwa hiyo, kabla ya kubandika mataruma ya upande wa Nairobi, nitakata kadibodi ya urefu huo yenye egemeo mbili, niipitishe katika kona yote, na ukingo wa jukwaa la abiria nitauchora kwa kufuata alama itakayoacha.