Bamvua moja, picha mbili

Mtu akiniuliza nitatoka lini na kamera, namjibu kwa tarehe za mwezi mwandamo. Hapa Unguja jua halina matata. Mwaka mzima linachomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama baada kidogo ya saa 12 jioni. Kinachohama ni maji, na picha nyingi za pwani zinaamuliwa na maji kabla ya kuamuliwa na mwanga.

Mwezi unapoandama na unapopevuka tunapata bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kukupwa sana, na bamvua letu lina saa zake. Maji yanakupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, kisha yanajaa saa 10 au 11 jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 1 mpaka 3, na 15 mpaka 17 za mwezi wa Kiislamu, nikipata nafasi, nina safari mbili ndani ya siku moja: asubuhi shamba, jioni Forodhani.

Shamba kwangu ni Jambiani. Napanda gari ya 309 mapema ili nifike maji yakiwa bado yanarudi. Kina mama wa mwani wanayafuata, na kamba na mifuko kichwani, mpaka kwenye vijiti vyao karibu na mwamba. Kilimo hiki kilianza kibiashara upande huu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kazi yenyewe inataka maji madogo, na maji madogo ya bamvua yanakuja jua likiwa limeshapanda. Vitabu vya upigaji picha vinasema saa hizo weka kamera mkobani. Sikubaliani navyo hata kidogo! Aliyeandika hivyo hakusimama juu ya mchanga mweupe wa mashariki, maji yakiwa ya kifundo cha mguu. Mwanga unagonga mchanga na kurudi juu, unaingia chini ya ukili wa kofia, chini ya mtandio, mpaka kwenye macho ya mtu aliyeinama. Nuru ile ya kutoka chini ndiyo inayonifanya nirudi Jambiani kila mara.

Ila kamera inadanganyika. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unazama. Mimi naongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili ya ilichopima. Kwa kawaida nakuwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8, spidi 1/250 ya sekunde, na nasimama mahali ambapo jua liko nyuma ya ninayempiga. Nikivaa filta ya polaraiza naizungusha polepole mpaka ule mng'ao wa juu ya maji upotee na kamba za mwani zionekane zilivyopangwa chini. Lenzi yangu ni 50 mm isiyovuta, basi nikitaka karibu natembea.

Na kabla ya yote hayo kuna salamu. Shamba la mwani lina mwenyewe, hata kama halina ukuta. Napiga hodi, nasalimu, naeleza picha ni za nini, na nikikataliwa nasaidia kubeba mfuko kisha naendelea na njia yangu. Siku moja bibi mmoja alikuwa akifunga mbegu kwenye kamba. Baada ya shikamoo nikamwomba picha. Akaniambia, "Mwanangu, sura yangu hapa kila mtu anaijua. Nipige mikono, wajue mwani unafungwaje." Nikapiga magoti majini, nikaiteremsha kamera mpaka usawa wa kamba. Vidole vilivyokunjamana kwa chumvi, fundo nusu limefungwa, matone yananing'inia. Sina picha ninayoipenda kuliko hiyo. Nilimpelekea nakala ya karatasi, akaonyesha shamba zima, na tangu siku ile sina haja ya kueleza mimi ni nani.

Mchana narudi mjini. Kwenye saa 11 maji yamefika ukutani Forodhani na vijana wameshaanza kuruka baharini. Idi el Fitri ndiyo siku yao kubwa, maana ni mwezi mosi na bamvua halikosi. Watoto wanapita na nguo mpya, ukuta umejaa, na kila anayeruka anapigiwa kelele. Hapo nakaa chini kabisa, ili mwili wa mrukaji uwe juu ya mstari wa bahari na uzungukwe na anga tupu. Napima mwanga kwenye anga pembeni ya jua, nafunga fokasi kwenye ukingo wa ukuta, spidi 1/1000, kisha nasubiri. Kila anayeruka ana pale anapofika juu kabisa na kusimama kidogo kabla hajaanza kushuka. Ndipo ninapobonyeza. Anatoka mweusi mtupu, vidole vya miguu vimenyooka, sura haionekani, na hilo nalipenda: wengi ni watoto.

Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo na kukupwa kidogo, siendi baharini. Naingia vichochoroni Mji Mkongwe saa za mchana, ambapo jua linateremka kwenye ukuta mweupe mmoja na kurudi kwenye wa pili. Mlango wa nakshi ukiupiga kwa mwanga huo wa kurudishwa, kila ua linaonekana. Nikimaliza napita Barabara ya Kenyatta kutazama picha za Capital Art Studio, duka alilolianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930. Zile picha za zamani ndizo zilizonifundisha kupiga nyumba nzima na watu wanaopita mbele yake, badala ya kukimbilia kipande kizuri tu. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la masultani, niliipiga hivyo kabla sehemu yake ya mbele haijaanguka Disemba 2020. Baraza zote zipo, na chini yake muuza kahawa na wateja wake. Sasa napiga vivyo hivyo kila nyumba yenye nyufa ninayopita, mlango mpaka paa, na nyuma ya kila nakala naandika mtaa, tarehe na saa.